Sufuria ya Gundi Niliyoiacha Ichemke

Enzi zetu gundi ilipikwa. Haikufinywa kutoka kwenye tyubu kama dawa ya meno. Ilitoka dukani ikiwa vipande vikavu, vya kahawia kama sukari nguru iliyoungua, ikalowekwa usiku kucha katika maji baridi, na Jumamosi asubuhi ikapashwa moto polepole juu ya jiko la makaa mpaka karakana nzima ikanuka kwato za ng'ombe. Wewe uliyekulia Nakuru miaka ile unazijua harufu zetu nyingine: pareto iliyokaushwa, mvua ya kwanza juu ya mabati, na lile vumbi jeupe lililopeperushwa kutoka ziwani likatuachia midomo iliyopasuka na ladha ya magadi. Ya gundi hukuijua, kwa sababu baba yako hakuwa fundi wa miti ya bunduki. Wangu alikuwa.

Naandika haya nikiwa mtu mzima, mwenye karakana yangu kwenye barabara ya kwenda Njoro na diploma ya ukarabati wa mbao niliyoisomea Uingereza. Hakuna mjomba aliyenitafutia viza, wala hakuna harambee iliyoitishwa kwa ajili yangu. Mchana nililisha wazee wa watu uji kwa kijiko, jioni nikaenda darasani na usingizi machoni, na mwisho wa masomo mimi ndiye niliyeongoza, mwanamke peke yangu katika darasa lile. Cheti kiko ukutani, ndani ya fremu niliyoitengeneza mwenyewe kwa mti wa mutamaiyu, ule mzeituni wa mwituni, na pembe zake zimeshikana hata wembe haupiti. Nikizungumza juu ya gundi nina haki ya kusikilizwa. Ndiyo maana haya ninayoyasimulia yananichoma zaidi.

Karakana ya Baba ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa mjini, chumba kirefu chenye dirisha moja. Vitanda na viti alitengeneza kama fundi yeyote, lakini jina lake lilitokana na kitu kingine. Wakulima wa Subukia, Molo na Naivasha walikuwa na bunduki za marisau, nyingi zikiwa zimerithiwa pamoja na mashamba ya walowezi, na kazi kubwa ya bunduki hizo ilikuwa kufukuza nyani na nguruwe mwitu kwenye mahindi. Bunduki ikianguka au ikipiga teke vibaya, ufa hutokea kwenye mti wake, yaani kile kitako cha mbao, na mara nyingi huwa shingoni, pale mkono unaposhika. Mwenye bunduki aliipeleka kwa Bwana Mohinder, Kalasinga mwenye leseni ya biashara ya silaha. Yeye aliifungua, akabaki na chuma dukani kwake, kisha akamletea Baba mti peke yake, umefungwa kwenye gunia kama mtoto mchanga. Sisi hatukuwahi kugusa chuma. Baba alipenda kusema, "Chuma ni ya serikali. Mti ni yangu."

Hakuanza kamwe kwa kupaka. Aliuweka mti puani akaunusa. Miti ya bunduki hunywa mafuta miaka na miaka, na gundi yoyote ukiiweka juu ya mafuta ni kama umebandika karatasi juu ya siagi. Mti uliolowa aliupaka unga wa chaki uliokorogwa na spiriti, akauanika juani. Chaki ikageuka njano kwa mafuta iliyofyonza, naye akaipangusa na kupaka nyingine, mara tatu, mara nne, mpaka ibaki nyeupe. "Huyu alikuwa mlevi," aliniambia, "lakini sasa ameokoka." Chaki ilitoka shuleni kwetu. Sitaeleza ilitokaje.

Kisha alisimama mbele ya rafu iliyokuwa na gundi za aina tatu, na hapo ndipo ungemwona fundi. Gundi nyeupe ilikuwa ya viti. "Bunduki inapiga teke," alisema, "na hii nyeupe ukiipiga teke kila wakati inaanza kuteleza pole pole." Gundi ya mikebe miwili, ile unayochanganya nusu kwa nusu ikawa ngumu kama jiwe, alikuwa nayo kidogo, na aliitumia pale mti ulipokuwa umepoteza kipande au ulipogoma kuacha mafuta. Aliiogopa, kwa sababu ukikosea nayo hakuna kufungua tena. Ufa ulio safi, mkavu, ambao midomo yake inafungana, aliupa gundi ya ngozi, ile ya kupikwa. Hiyo huingia mpaka ndani kabisa, na fundi wa kesho akitaka kuifungua, joto na maji vinamtosha. Nimekuja kusoma vitabu vinene vinavyosema hayo hayo kwa kurasa mia. Baba aliyasema akitafuta kofia yake.

Leo vijana hawachagui. Jirani yangu, fundi wa makochi, alinikuta juzi nikipangusa chaki akaniuliza, "Madam, si uweke tu ile ya tyubu? Inashika hata kiatu." Nikamwambia aende akapige bunduki iliyoshikwa kwa gundi ya kiatu, kisha aje anisalimie kwa meno yatakayobaki. Alicheka. Wanacheka, hawa watoto, kwa sababu hawajawahi kungoja kitu chochote kilowe usiku kucha.

Kazi yangu ilikuwa sufuria. Zilikuwa mbili, ndogo ndani ya kubwa. Maji yalikaa katika ile kubwa na gundi katika ile ndogo, ili moto usiiguse moja kwa moja. Sheria ilikuwa moja tu: isichemke. Gundi ya ngozi ikichemka inakufa. Kwa macho ni ile ile, inanata vidoleni vile vile, lakini nguvu imetoka. "Maji yakianza kucheka, toa," Baba alisema, akimaanisha vile vipovu vidogo vya mwanzo vinavyopanda pembeni mwa sufuria. Ikichemka ilimwagwa bila mjadala, na kazi ikangoja mpaka nyingine ilowekwe.

Nilikuwa na miaka kumi, mtoto wa tatu, na nilipewa jina la mama mzazi wa Baba. Kwa hiyo, kama ilivyo kwetu Wakikuyu, Baba hakuniita kwa jina. Aliniita Mama. Kaka zangu walichapwa kwa mikanda wakaonyeshana alama. Mimi sikuguswa, maana nani ampige mama yake mzazi? Mezani nyumbani, mtaa wa Section 58, nilikatiwa nyama kabla yao. Na katika karakana, kaka zangu walipewa ufagio na mimi nikapewa moto. Alinipa mgongo akiwa kwenye meza yake ya kazi, akasema bila kugeuka, "Mama, imecheka?" Nami nikajibu, "Haijacheka, Baba," akanyoosha mkono nyuma kupokea sufuria. Sijawahi kuaminiwa hivyo tena na mtu yeyote, na nimekuwa na waajiri, na nimekuwa na mume.

Sasa niseme ya Mzee Ndegwa. Alikuwa mkulima wa Subukia, mtu wa koti refu na maneno mengi, na bunduki yake aliipata pamoja na shamba. Mti wake ulikuwa wa Ulaya, mweusi wenye mishipa myekundu, na ufa ulikuwa shingoni. Baba aliunusa akafurahi. Ndegwa alikuwa mchoyo hata wa mafuta ya bunduki, kwa hiyo mti ulikuwa mkavu, ufa mpya, midomo inafungana. Chaki ilipakwa mara moja tu, kwa heshima. Hapakuwa na swali juu ya gundi. Ilikuwa ya ngozi.

Jumamosi hiyo Baba alikuwa ameupanua ufa kwa vijiti vyembamba, mikono yote miwili ikiwa kazini. Mimi nilikuwa kwenye jiko nje ya mlango. Uani wasichana walikuwa wakicheza blada. Mnaukumbuka mchezo ule, tyubu za baiskeli zilizokatwa nyembamba na kufungwa pamoja, wawili wanashikilia na wewe unaruka, kuanzia kifundo cha mguu, magoti, kiuno, mpaka mabega. Sikuwahi kufika mabegani. Siku hiyo waliniita, "Kuja uruke mara moja tu," nikaenda mara moja tu, nikapita magoti, nikapita kiuno, nikafika mabegani, wakapiga kelele za jina langu.

Niliporudi maji ya sufuria kubwa yalikuwa karibu kukauka na gundi ilikuwa imeumuka nyeupe kama maziwa ya chai. Nilijua kilichotokea. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu hupenda kunisamehe kwa kusema eti nilikuwa mtoto. Nilijua vizuri kuliko kaka zangu na kuliko mafundi wengi wa mji huu. Niliengua povu kwa kijiti, nikaongeza maji baridi, nikakoroga mpaka ikang'aa tena.

"Mama, imecheka?"

"Haijacheka, Baba."

Mkono wake ukaja nyuma, nikaupa sufuria. Kwa kawaida alivuta tone kati ya kidole gumba na cha shahada aone litafanya uzi. Siku hiyo hakuvuta, maana ufa ulikuwa wazi unangoja, na mimi nilikuwa Mama. Alipaka, akatoa vijiti, akaufunga mti kwa tyubu ya baiskeli, mzunguko juu ya mzunguko, kama mfupa uliovunjika. Ulitoka mzuri ajabu. Hukuweza kuuona ufa hata ukiutafuta kwa ukucha.

Wiki chache baadaye Mzee Ndegwa aliingia karakana imejaa wateja, shavu lake limebandikwa plasta, Bwana Mohinder nyuma yake. Aliweka vipande viwili vya mti juu ya meza.

"Fundi, hebu niambie uliniwekea nini hapa. Ama ulinipakia uji wa watoto?"

Watu wakacheka.

"Mzee, niliweka ile naweka kwa kila mtu," Baba akasema.

"Basi Mungu asaidie hao wengine. Risasi ya pili tu, shingo ikatoka, kipande kikanichana hapa. Nyani wamekaa juu ya ua wananiangalia. Nimechekwa na nyani, fundi."

Wakacheka zaidi. Bwana Mohinder hakucheka. Alikuwa akimheshimu Baba, na hiyo ndiyo iliyofanya iume. "Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "hii ikitokea kwa mtu mwingine, mimi nafungiwa duka. Unajua."

"Najua, Bwana Mohinder."

"Basi tungoje kidogo kwanza."

Baba aliviinua vile vipande dirishani. Aliona kwamba gundi yake imeachia, basi. Chumba kilikuwa na giza, watu wanamtazama, na Bwana Mohinder alikuwa tayari na gunia, maana kila kipande kilipaswa kurudi dukani kwake. Nilikuwa nimesimama mlangoni kando ya jiko. Kulikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili. Nilitazama makaa.

Ile "kidogo" ya Bwana Mohinder haikuisha. Mti wa bunduki haukuletwa tena kwetu. Lakini hilo lilikuwa dogo kuliko lililompata Baba mwenyewe. Aliamini kwamba mkono wake umemhaini, kwamba hajui tena kuchagua. Sufuria ndogo aliwapa kuku wanywee maji. Kuanzia siku hiyo hakupaka gundi kwenye kitu chochote. Alipiga misumari. Vitanda misumari, viti misumari, hata mwiko wa mama yangu ulipopasuka aliufunga kwa waya. Mafundi wenzake walipomtania alijibu, "Mimi na gundi tuliachana." Yule aliyekuwa akiunganisha mti hata ukucha usiuone ufa, sasa unaingia nyumbani kwa mtu, unaona kitanda chenye vichwa vya misumari kama upele, unajua ni chake.

Na bado aliniita Mama. Kila aliponiita nilisikia kama ananiuliza tena lile swali. Nadhani nilikwenda ng'ambo kwa sababu ya hilo zaidi ya umaskini, ingawa nikihojiwa kanisani husema ni umaskini.

Kule, katika juma la kwanza, mwalimu alitumbukiza kipimajoto katika gundi ya ngozi na kuuliza darasa kitatokea nini joto likizidi. Mkono wangu ndio uliokuwa juu. Nilieleza yote, povu, weupe, nguvu inayotoka. Akanisifu, akauliza nilijifunzia wapi. Nikasema nyumbani. Nilipongezwa kwa jambo lile lile lililomvunja baba yangu, nikakaa chini nikaandika tarehe kwenye daftari.

Nilirudi, nikafungua karakana. Miti ya bunduki ilianza kuja kwangu, kupitia kwa mtoto wa Bwana Mohinder aliyeachiwa duka. Nina gundi ambazo Baba hakuziota. Mti uliojaa mafuta naupa ile ya mikebe miwili baada ya chaki, ufa safi naupa ya ngozi, na yule anayetaka ya tyubu namwonyesha mlango. Sijarudishiwa kazi hata moja. Kule Naivasha, wavuvi wa ufuo wa Kamere wananiletea hata mbao za mashua.

Mwaka jana yule mtoto wa Mohinder alifunga duka. Aliniletea gunia la mbao kuukuu zisizo na wenyewe akasema, "Auntie, hizi utazijua wewe." Katikati ya gunia nilikuta vipande viwili vyeusi vyenye mishipa myekundu, na karatasi iliyofungwa kwa uzi: Ndegwa, Subukia. Niliviweka chini ya taa na kioo cha kukuzia. Kwenye mstari wa gundi kulikuwa na vipovu, vingi, vidogo kama vya soda, vimeganda pale tangu siku ile. Povu langu. Nilikuwa sikuliengua lote.

Niliamua kwamba hii ni zawadi. Mnisikilize vizuri, niliamini hivyo kweli. Nilikwenda Section 58 nikijiambia nampelekea mzee wangu mkono wake. Alikuwa ameketi mlangoni juani, fimbo kati ya magoti.

"Baba, angalia hapa," nikasema, nikampa kipande na kile kioo. "Mkono wako ulikuwa sawa. Chaki yako ilikuwa sawa. Ulichagua vizuri. Gundi hii ilichemka."

Macho yake bado ni mazuri kwa mtu wa umri wake. Alitazama muda mrefu. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya vile vipovu.

"Nani alikuwa kwa sufuria?"

"Ni mimi, Baba."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema haijacheka."

"Nilisema hivyo."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema Uingereza. Diploma ingenisitiri. "Siku hiyo hiyo," nikasema.

Aligeuza uso akatazama ndani ya nyumba, na mimi nikatazama alipotazama. Kitanda. Meza. Kiti cha marehemu mama. Vichwa vya misumari kila mahali, vingine vimeota kutu.

"Na huko ng'ambo wakakupa karatasi ya gundi," akasema.

"Diploma, Baba."

"Hiyo." Akanirudishia kipande na kioo, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha dukani ambacho hakukinunua. "Asante kwa kunielezea, Madam."

Tangu siku hiyo mimi ni Madam. Anaitikia salamu zangu, anakula ninachopika, anawaambia majirani kwamba Madam amekuja. Wanadhani anajivunia elimu yangu.

Majuma matatu baadaye, Jumamosi, nilibeba vile vipande, jiko, makaa, sufuria mbili, tyubu ya baiskeli na gundi ya ngozi niliyoiloweka tangu jana yake, nikakaa uani kwake. Mzee Ndegwa alishakufa na chuma cha ile bunduki hakijulikani kilikokwenda. Hapakuwa na mteja. Nilitaka tu ule mti uungwe. Gundi ya zamani niliipa maji moto na kitambaa, ikatoka bila ubishi, vipovu na vyote, kama Baba alivyokuwa akisema miaka ile yote kwamba hiyo ndiyo sifa yake. Nilikausha. Nikaweka sufuria.

Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, kofia imeshuka usoni. Harufu ilimfikia, niliona pua yake ikiinuka. Nami niliinama juu ya jiko, mwanamke wa makamo mwenye diploma, nikalinda maji yale kama vile hakuna kitu kingine nilichowahi kusomea. Wasichana wa jirani walikuwa wamekaa kwenye ngazi, kila mmoja na simu yake, hakuna anayeruka chochote. Moto ulikuwa mdogo. Gundi ililainika, ikawa rangi ya asali. Pembeni mwa sufuria kubwa maji yalitulia kimya.

Nilingoja swali. Nilikuwa na jibu, la kweli safari hii, liko mdomoni kabisa.

Hakuniuliza. Nilisikia fimbo yake ikigonga saruji, hatua baada ya hatua, ikichukua muda mrefu kuvuka ua mdogo kiasi kile. Akafika, akaegemea bega langu ili asianguke, akainama mpaka mvuke ukamgusa uso. Alichovya kidole, akavuta tone kati ya gumba na shahada. Likafanya uzi mrefu, mwembamba, usiokatika.

"Weka," akasema.

Hakusema Mama. Hakusema Madam. Nikaweka, akanipitishia ile tyubu ya baiskeli, nikaufunga mti mzunguko juu ya mzunguko.

Umeshikana. Upo kwangu, juu ya rafu, chini ya cheti, na ukucha wa mtu hauoni ufa. Wateja huuliza ni wa nani, nawaambia hauuzwi. Enzi zile baba yangu aliniuliza akiwa amenipa mgongo, akanyoosha mkono nyuma. Siku hizi anavuka ua kwa fimbo, aje aangalie mwenyewe.